Papa Leo IX: aliyeingia Roma pekupeku, akawauliza maaskofu wenzake kama vyeo vyao wamevinunua

#1 Karani Mstaafu

Wakuu, salaam aleikum na Tumsifu Yesu Kristo.

Tangu Mei 2025, Kardinali Prevost alipotokea kwenye roshani ya Mtakatifu Petro kwa jina la Leo XIV, jukwaa limejaa habari za Leo XIII. Ni sawa, maana Papa mwenyewe alisema huyo ndiye aliyemfikiria alipochagua jina. Mimi naomba niwaletee Leo mwingine, wa Tisa, aliyekalia kiti cha Petro miaka mitano tu, 1049 hadi 1054. Miaka mitano, lakini Upapa alioupokea na Upapa aliouacha havifanani.

Niseme kwanza kwa nini mtu huyu ananigusa. Nilikuwa karani wa parokia miaka kumi na moja. Daftari la zaka mkono huu, daftari la ubatizo mkono ule. Jumamosi moja niliagizwa nimrudishe mama aliyekuja na mtoto wa kubatizwa, kwa sababu bahasha zake za miezi saba hazikuwa zimerudi. Nikamrudisha. Mtoto alikuwa ameshavikwa gauni jeupe. Parokia siitaji, na mimi ndiye niliyetamka maneno yale dirishani. Kwa hiyo ninapoandika habari za Papa aliyepigana na biashara ya vitu vitakatifu, yaani simonia, siandiki kama mtazamaji.

Sasa twende Roma, mwaka 1045.

Papa alikuwa Benedikto IX, kijana wa ukoo wa makabaila wa Tusculum. Ukoo huo ulikuwa umeufanya Upapa kama shamba la familia, na kabla yake walishakalia kiti ndugu wawili wa baba yake. Warumi walimfukuza, wakamweka Silvester III. Benedikto akarudi. Kisha akachoka, akauachia Upapa kwa baba yake wa ubatizo, padre aliyeheshimika, kwa fedha. Padre yule akawa Gregori VI. Wengi waliamini alitoa fedha ili kuliokoa Kanisa na yule kijana, lakini fedha ilikuwa imetoka.

Desemba 1046 mfalme wa Wajerumani, Heinrich III, akashuka Italia na kuitisha sinodi, yaani mkutano wa maaskofu, mjini Sutri. Wote watatu wakaondolewa. Akamweka Mjerumani, Klementi II, ambaye alifariki kabla ya mwaka kwisha. Akamweka Mjerumani mwingine, Damaso II. Huyo alikaa siku 23, akafa Agosti 1048.

Mjumbe alipopanda tena milima ya Alpi kumwomba Heinrich papa mwingine, hicho kiti hakikuwa cha kugombewa.

Naendelea kesho. Karibuni.

#2 Dada wa Ukonga

Mkuu nimeweka kambi hapa. Ila tusaidie sisi tusiojua: hili neno simonia ni nini hasa? Ni rushwa tu, au kuna zaidi?

#3 Karani Mstaafu

Dada, swali zuri, maana bila hilo mambo mengine hayaeleweki.

Jina limetoka Matendo ya Mitume sura ya 8. Simoni Mchawi wa Samaria aliwaona mitume wakiwawekea watu mikono na Roho akishuka, akawaletea fedha wamuuzie uwezo huo. Petro akamkatalia kwa ukali, yeye na fedha yake. Basi kununua au kuuza kilicho kitakatifu kukaitwa simonia.

Karne ya 11 ilikuwa hivi. Uaskofu haukuwa fimbo na kofia tu. Uliambatana na mashamba, misitu, vinu vya kusagia, ushuru wa daraja na soko, na askari. Mfalme au bwana mkubwa wa nchi ndiye aliyemkabidhi askofu mpya fimbo na pete. Kwa hiyo familia yenye uwezo ilimlipa bwana huyo ili mtoto wao apewe jimbo. Akishalipata, inabidi fedha irudi: anawauzia watu upadre na uabate, yaani ukuu wa monasteri. Padre aliyenunua upadre naye anataka chake kirudi, hivyo anadai malipo kwenye ubatizo, kwenye ndoa, kwenye maziko. Mwisho wa mnyororo yuko mkulima asiye na kitu, amebeba maiti ya mkewe, anaambiwa alipe ndipo kaburi lichimbwe.

Kwa hiyo ndiyo, ni rushwa. Ila ni rushwa iliyokaa mlangoni pa mbingu.

#4 Karani Mstaafu

Kijana mwenyewe sasa.

Alizaliwa 21 Juni 1002 huko Eguisheim, Alsace, nchi ambayo leo iko Ufaransa na wakati ule ilikuwa chini ya dola la Wajerumani. Jina lake Bruno. Baba yake, Hugo, alikuwa kabaila mwenye udugu wa karibu na Konrad II, aliyekuja kuwa kaisari. Akiwa na miaka mitano tu alipelekwa shule ya Askofu Berthold mjini Toul.

Mwandishi wa maisha yake anasimulia kisa ambacho Bruno alikuwa akiwahadithia rafiki zake. Akiwa likizo nyumbani, kiumbe fulani kilimshambulia usoni usingizini, akavimba, akalala kati ya kufa na kupona. Ndipo akamwona Mtakatifu Benedikto akimgusa majeraha kwa msalaba, na akapona. Mtu aamini asiamini. Ninachokiona mimi ni kwamba Bruno aliyaona maisha yake kama kitu alichorudishiwa.

Mwaka 1026, akiwa shemasi tu, aliongoza askari wa Toul kwenye msafara wa Konrad kwenda Italia, kwa sababu askofu wake alikuwa mzee. Kumbukeni hili la askari, litarudi. Akiwa hukohuko askofu akafariki, na watu wa Toul wakamtaka Bruno. Konrad alikuwa anamwazia jimbo nono zaidi, maana Toul ilikuwa maskini, iko mpakani, vita kila upande. Bruno akaikubali Toul. Akakaa nayo zaidi ya miaka 20, njaa ikija anagawa chakula, monasteri zilizolegea akizirudisha kwenye kanuni.

Desemba 1048, mjini Worms, Kaisari Heinrich III na wakuu wa dola wakamwambia: ni wewe. Aliomba siku tatu, akafunga, kisha akasimama mbele yao wote akaungama dhambi zake hadharani kwa machozi ili waone kwamba hafai. Wakazidi kumtaka. Basi akatoa sharti moja: nitakwenda Roma, lakini sitakuwa Papa mpaka makleri, yaani mapadre na wenzao wa daraja, na watu wa Roma wanichague wao wenyewe kwa hiari yao.

Tafakarini hapo. Kaisari ameshaamua. Mapapa wawili waliomtangulia waliwekwa na kaisari huyuhuyu. Naye anasema bado.

Akaondoka kwa mavazi ya hujaji. Msafarani alikuwamo mtawa aliyeitwa Hildebrand, ambaye alikuwa amemfuata Gregori VI uhamishoni Ujerumani. Mshikeni jina huyu. Februari 1049, wakati wa baridi, wakafika Roma, na Bruno akaingia mjini pekupeku. Akawaambia watu: kaisari amenichagua, lakini uchaguzi ni wenu; msiponitaka narudi kwetu kwa furaha. Wakampokea kwa shangwe. Tarehe 12 Februari akasimikwa, akaitwa Leo.

Hazina aliikuta tupu. Wenzake waliotoka naye kaskazini waliishiwa mpaka wakawa wanapanga kuuza nguo zao wapate nauli ya kurudi, ndipo wakatokea wajumbe kutoka Benevento na zawadi.

#5 Mwana wa Fundi

Hilo sharti la kuchaguliwa na watu limenisimamisha. Ila mzee, si ni utaratibu wa sura tu? Watu wa Roma wangemkatalia vipi mtu aliyeletwa na kaisari?

#6 Karani Mstaafu

Mwana wa Fundi, huenda wasingeweza. Lakini angalia alichofanya na msimamo huo miezi minane baadaye, utaona hakuwa anaigiza. Nakuja huko.

Kwanza sinodi ya Roma, Aprili 1049, baada ya Pasaka. Leo aliingia na jambo zito kuliko uwezo wake. Alitaka kutangaza kwamba kila daraja takatifu lililotolewa na askofu mwenye simonia ni batili, hata kama padre aliyepewa hakulipa hata senti. Ukumbi ukalipuka. Mapadre na maaskofu wakamwambia: ukifanya hivyo, makanisa ya Roma karibu yote hayatakuwa na misa, maana nani hapa hakuwekewa mikono na mtu wa namna hiyo? Mabishano yakawa marefu. Mwisho wakakumbushana uamuzi wa Klementi II: padre aliyewekwa na askofu wa simonia huku akijua, afanye kitubio siku 40, kisha aendelee na huduma. Leo akakubali.

Napenda sana kipande hiki. Mtu mwenye hasira ya haki alisikia kilio cha watu watakaokosa sakramenti, akashuka hatua moja.

Lakini alijifunza kwamba akiwa amekaa Roma hataweza. Barua zilikuwa zikitoka Roma miaka yote, zinasomwa, zinawekwa kabatini. Kwa hiyo akapanda farasi. Kabla yake Papa alikuwa jina katika sala. Mtu wa Ufaransa kaskazini alizaliwa na kufa bila kumwona. Leo alivuka Alpi kwenda na kurudi, mara tatu katika miaka mitano. Pavia, Köln, Aachen, Reims, Mainz, Vercelli, kusini mpaka Salerno. Sehemu nyingi alizofika aliitisha sinodi.

#7 Karani Mstaafu

Sasa Reims, Oktoba 1049. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Abate Herimar alikuwa amemaliza kujenga kanisa jipya la Mtakatifu Remigius, yule askofu aliyembatiza Clovis, mfalme wa Wafaranki. Akamwomba Papa aje kulitabaruku. Mfalme wa Ufaransa, Henri I, mwanzoni hakuona tatizo. Kisha washauri wake wakamfumbua macho: Papa akija ataitisha mtaguso, na akiitisha mtaguso ataanza kuuliza maswali. Mfalme akawaita maaskofu wote vitani siku zilezile. Wengine wakafurahi kupata udhuru. Wapatao ishirini wakaja Reims, pamoja na maabate kama hamsini.

Habari tunazipata kwa Anselm, mtawa wa palepale aliyeandika siku kwa siku. Umati ulikuwa mkubwa mno. Tarehe 1 Oktoba walilitoa kaburini jeneza lenye masalia ya Remigius, Papa mwenyewe akiwa miongoni mwa waliolibeba. Kesho yake kanisa likatabarukiwa. Kwa kawaida masalia yangewekwa mahali pake na kufunikwa. Leo akaagiza yaachwe juu ya altare. Mtaguso ulipoanza tarehe 3, maaskofu walijikuta wamekaa wakitazamana na mifupa ya mtakatifu wao.

Shemasi Petro, msemaji wa Papa, akasimama akataja mambo yatakayozungumzwa, la kwanza likiwa simonia. Kisha akasema: kila mmoja wenu asimame mmojammoja, mbele ya Mtakatifu Remigius, aseme kama alitoa fedha kupata uaskofu au alipokea fedha kumpa mtu daraja.

Askofu mkuu wa Trier akasimama: sikutoa, sikupokea. Wa Lyon vilevile. Wa Besançon vilevile. Ikafika zamu ya mwenyeji, askofu mkuu wa Reims. Akaomba kuzungumza na Papa faragha. Fikirini ukimya wa kanisa lile.

Hugh, abate mpya wa monasteri ya Cluny, kijana wa miaka 25 hivi, alipoulizwa alikiri kwamba mwili wake ulikuwa tayari kutoa ahadi ili aupate uabate, ila akili na roho vilikataa. Jibu hilo limebaki nami. Angeweza kusema tu sikutoa, na ingekuwa kweli.

Askofu wa Nantes akakiri: baba yangu alikuwa askofu wa jimbo hilihili kabla yangu, na alipofariki nililipa. Wakamvua pete na fimbo, wakamwachia upadre. Askofu wa Coutances akaeleza kwamba ndugu yake ndiye aliyelipa bila yeye kujua, na alipojua alitaka kukimbia, ndugu akamlazimisha. Akaapa, wakamwacha na jimbo lake.

Na Hugo, askofu wa Langres. Huyu alishtakiwa simonia, kuuza madaraja, na ukatili wa kutisha. Akawaomba askofu mkuu wa Lyon na wa Besançon wamsemee. Wa Besançon akasimama kumtetea, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Ikabidi wa Lyon aseme, na hata yeye alikiri baadhi ya mashtaka kwa niaba ya mteja wake. Asubuhi iliyofuata walipomwita Hugo, hakuwepo. Ametoroka usiku. Akatengwa na Kanisa. Ndipo wa Besançon akaeleza jinsi alivyokabwa ulimi, na Papa, kwa machozi, akasema Remigius angali hai. Wote wakainuka kwenda kusali mbele ya masalia.

Siwalazimishi kuuita muujiza. Mimi nimewahi kusimama kumtetea mtu niliyejua ana kosa, na najua koo linavyokauka.

Hugo mwenyewe baadaye alikwenda Roma kutubu, akapokewa, akafariki akiwa njiani kurudi kwao.

Na wewe Mwana wa Fundi, kanuni ya kwanza ya mtaguso ule: mtu yeyote asipandishwe kuongoza kanisa bila kuchaguliwa na makleri na watu. Sharti lake la Worms, sasa limekuwa sheria kwa wote.

#8 Dada wa Ukonga

Mkuu umeandika vizuri mno, lakini niulize kama mwanamke. Mapapa hawa wa mageuzi walipigana pia na mapadre wenye wake. Wale wake na watoto waliishia wapi? Huwa hawaandikwi.

#9 Karani Mstaafu

Dada, umegusa mahali panapouma, na sitapafunika.

Petro Damiani, mtakatifu na mwanamageuzi, rafiki wa kundi hilihili, ameandika kwamba sinodi moja chini ya Leo iliamua wanawake wa Roma walioishi na mapadre wafanywe watumwa wa Laterano, jumba la Papa mjini Roma. Watumwa. Padre alipewa nafasi ya kutubu na kubaki na altare yake. Mwanamke, ambaye pengine alipelekwa kwa padre yule na wazazi wake kwa taratibu zilizokuwa za kawaida kabisa kijijini kwao, akapoteza uhuru wake.

Hoja yao ilikuwa kwamba mapadre wenye familia walikuwa wanawarithisha watoto mali ya Kanisa, na kweli yule wa Nantes alirithi jimbo la baba yake. Lakini hoja hiyo haihalalishi adhabu ile. Ninampenda Leo, na katika hili alikosea vibaya, na waliolipa gharama hawakuwa na mtu wa kuwasemea pale Laterano.

#10 Mwana wa Fundi

Heshima kwako mzee kwa kujibu hivyo. Sasa tulete la askari, ulisema litarudi.

#11 Karani Mstaafu

Linarudi, na ndilo lililommaliza.

Kusini mwa Italia walikuwa wameingia Wanormani, askari wa kukodiwa kutoka Ufaransa waliogeuka wenye nchi. Waliteka vijiji, walikata mizabibu, walivamia monasteri. Watu wa Benevento waliwafukuza watawala wao wakajiweka chini ya Papa, wakimwomba awalinde. Leo alizunguka kule, akaona vipofu na viwete waliofanywa hivyo kwa makusudi, na moyo wake ukachafuka. Alijaribu kuzungumza. Drogo, mkubwa wa Wanormani aliyeahidi kuwatuliza wenzake, akauawa mwaka 1051. Mazungumzo yakafa naye.

Krismasi ya 1052 Leo alikuwa Worms akimwomba Heinrich jeshi. Akapewa, kisha askofu mmoja mshauri wa kaisari akashawishi jeshi lirudishwe. Wakabaki kama 700, wengi Waswabi, Wajerumani wa kusini-magharibi, waliokuja kwa hiari au kwa malipo. Njiani Waitalia wengi wakajiunga. Mpango ulikuwa wakutane na jeshi la Wagiriki wa Konstantinopoli chini ya Argyrus, gavana wao kule kusini. Hawakukutana.

Tarehe 18 Juni 1053, karibu na mji wa Civitate, Wanormani walikuwa kama wapanda farasi 3,000, na njaa imewashika. Ngano ilikuwa bado haijaiva, wakawa wanakausha masuke mabichi kwenye moto na kutafuna. Waliomba amani. Waswabi, watu warefu wenye panga za kushika kwa mikono miwili, wakawacheka ufupi wao. Wanormani wenye njaa hawakuwa na muda wa kusubiri, wakashambulia. Waitalia wakatawanyika kwa pigo la kwanza. Waswabi walisimama mahali pao mpaka wa mwisho akauawa.

Leo hakushika upanga. Alikuwa mjini Civitate na aliiona vita kutoka huko. Watu wa mji, wakiogopa mji wao kuchomwa, hawakuweza kumficha. Akatoka mwenyewe kwa waliomshinda. Na hao Wanormani, Humphrey, Richard wa Aversa, Robert Guiscard, wakapiga magoti mbele yake, wakaomba msamaha na baraka.

Akawapa. Kisha akabaki uwanjani akisimamia maziko ya watu wake. Baada ya hapo wakamsindikiza kwa heshima zote mpaka Benevento, akafika 23 Juni, na hawakumwachia kuondoka mpaka 12 Machi 1054. Mateka anayepigiwa magoti.

Petro Damiani alimlaumu waziwazi kwamba kuhani hana kazi na vita vya upanga, hata akiwa na haki. Nami nasimama na Damiani. Mtu aliyewatikisa maaskofu wa Ufaransa kwa swali moja na jeneza la mtakatifu, alikwenda kutafuta mapanga 700.

#12 Kisima cha Tanga

Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, nafuatilia uzi huu tangu mwanzo kwa kupenda historia. Wakati huo Afrika Kaskazini ilikuwa tayari nchi ya Waislamu karne nyingi. Je, Papa huyu alikuwa na habari yoyote na huku Afrika?

#13 Karani Mstaafu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Alikuwa nayo, na iliandikwa Desemba 1053 akiwa mateka Benevento.

Afrika waliyoizungumzia wao ni ile ya Karthago, pande za Tunisia ya leo. Maaskofu waliobaki huko walikuwa wamegombana nani mkubwa: wa Karthago, au wa mji mwingine uitwao Gummi. Wakamwandikia Papa. Leo akajibu kwa masikitiko kwamba zamani mtaguso mmoja wa Karthago ulikusanya maaskofu 205, na sasa katika Afrika nzima wamebaki watano kwa shida, nao hao watano wanagombana. Kisha akaamua kwamba baada ya askofu wa Roma, wa kwanza katika Afrika yote ni wa Karthago.

Na kwa kuwa umeuliza wewe: Hildebrand niliyemtaja alikuja kuwa Papa Gregori VII. Mwaka 1076 alimwandikia al-Nasir, mtawala Mwislamu wa nchi ambayo leo ni Algeria, kuhusu askofu aliyeombwa na mtawala huyo mwenyewe, akasema sisi na ninyi tunamwamini na kumkiri Mungu mmoja, ingawa kwa namna tofauti. Mtaguso wa pili wa Vatikano uliikumbuka barua hiyo ulipoandika tamko lake kuhusu Waislamu mwaka 1965.

#14 Bukoba Orthodox

Wapendwa, sisi Waorthodoksi wa Kagera tunamfahamu huyu Leo kwa jambo moja: 1054. Ndiye aliyewatuma watu kulitenga Kanisa letu. Mbona mleta uzi analiruka?

#15 Karani Mstaafu

Siliruki ndugu, lilikuwa linafuata. Na lawama yako ina haki kwa sehemu.

Ugomvi ulianzia kwenye mkate. Sisi wa Roma tunatumia mkate usiotiwa chachu, ninyi mkate uliochachwa. Mwaka 1053 barua ilitoka upande wa mashariki ikiushambulia mkate wetu, na huko Konstantinopoli Patriaki Mikaeli Cerularius akafunga makanisa ya Walatini. Leo alikuwa Benevento, analala chini, jiwe kwa mto, na amevaa gunia. Umri umepita 50, na ameanza kujifunza Kigiriki ili asome Maandiko kwa lugha hiyo. Alitamani amani na Wagiriki, maana walikuwa washirika wake dhidi ya Wanormani. Lakini wa kuandika barua alikuwa Kardinali Humbert, mtu mwenye elimu kubwa na ulimi mkali, na barua zile zilitegemea pia ile hati ya Konstantino, iliyodai kwamba Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa mamlaka makubwa, ambayo karne ya 15 ilithibitishwa kuwa ya kughushi. Hapo Leo alikosea kuchagua. Ukimtuma Humbert kutafuta amani, ujue utapata ushindi au vita.

Wajumbe walikuwa watatu: Humbert, Frederick wa Lorraine na Petro wa Amalfi. Jumamosi ya 16 Julai 1054, ibada ikitaka kuanza, waliweka hati ya kumtenga Mikaeli na wenzake juu ya altare ya Hagia Sophia, wakatoka wakikung'uta mavumbi miguuni. Siku chache baadaye patriaki na sinodi yake wakawatenga walioandika hati ile.

Ila angalia tarehe. Siku Humbert anaiweka hati ile, Leo alikuwa kaburini miezi mitatu, na mrithi hajapatikana. Hati ilitolewa kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Ilichukua mpaka 7 Desemba 1965 Paulo VI na Patriaki Athenagoras kufuta kutengana kule kwa pamoja.

#16 Bukoba Orthodox

Nashukuru. Hilo la tarehe sikulijua. Tafadhali malizia kifo chake.

#17 Karani Mstaafu

Wanormani walimwachia Machi akiwa ameshaugua. Alibebwa kwa machela mpaka Roma, na alipofika aliona siku zake zimekwisha. Akaomba kitanda chake kitolewe Laterano kipelekwe ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, na jeneza lake la jiwe liwekwe pembeni. Akalala hapo, watu wakiingia na kutoka, akiongea nao na kuwaombea, mpaka 19 Aprili 1054, ambayo ndiyo sikukuu yake hadi leo. Alikuwa hajafika miaka 52.

Watu aliowaleta kutoka kaskazini ndio walioendelea. Frederick wa Lorraine akawa Papa Stefano IX mwaka 1057. Mwaka 1059 Nikolasi II akatoa amri kwamba makardinali ndio waongozao uchaguzi wa Papa, na mlolongo huo ndio uliotupa Leo XIV mwaka 2025, kwa moshi mweupe ule tuliouona kwenye simu zetu. Hildebrand akawa Gregori VII mwaka 1073, na ya kwake yanataka uzi wake.

#18 Dada wa Ukonga

Mkuu, na yule mama wa gauni jeupe?

#19 Karani Mstaafu

Nilimtafuta, dada, baada ya wiki mbili. Nilimkuta anachambua mboga uani. Nikamwambia makosa ni yangu, aje Jumamosi, na kwamba jina la mtoto nimeshaliandika. Akaniambia mtoto amekwishabatizwa kigango cha jirani, katekista wa kule hakuuliza bahasha. Akanikaribisha chai. Mtoto alikuwa mkekani, analia meno, nikambeba mpaka akalala.